Nyoka haikutumwa. Ni dawa njo haikutumwa

Wanainchi wenzetu, vijana wa Goma, Bukavu, Butembo, Beni, Bunia, Uvira, Kisangani, na nyinyi wote munaotusoma kwenye simu zenu,

Leo hatuandike juu ya maji, wala umeme, wala barabara ya kwenu yenye mashimo. Tunaandika juu ya nyoka. Tunajua wamoja watacheka: "Vita iko, watu wanauawa, na nyinyi munatuletea habari ya nyoka?" Ndiyo, tunaileta. Sababu kuna vifo katika hii inchi vinavyopita bila kelele, bila minisita kushuka kwenye ndege, bila dakika moja ya kunyamaza kwenye Bunge. Kifo cha mutu aliyeumwa na nyoka kiko kati ya vile.

Sisi wa mjini tunaona nyoka kwenye video tu. Lakini muulize jirani yako wazazi wake wanalima wapi. Walikale, Masisi, Lubero, Shabunda, Mwenga, Mambasa. Sombe, ndizi, muhogo, kakao, makala ya kupikia, vyote vinatoka kwa mikono ya watu wanaoingia kwenye majani saa kumi na mbili asubuhi na kambambili kwenye miguu, ao bila kiatu chochote. Nyoka inauma wale wanaotulisha. Kwa hiyo musituambie ni habari ya watu wa porini.

Tuangalie vile mambo inapita mara nyingi. Mama anakata majani, anakanyaga nyoka munene, mufupi, anayelala kimya juu ya majani makavu na rangi inayofanana nayo kabisa. Wafaransa wanamwita vipère du Gabon, na meno yake ni marefu kupita ya nyoka yote ya dunia. Anauma. Watu wanakimbia na kamba, wanafunga muguu kwa nguvu mpaka damu isipite. Mwingine analeta wembe, anachanja. Mwingine analeta jiwe nyeusi. Saa mbili zinapita, saa nne zinapita. Muguu unavimba, ufizi unaanza kutoka damu. Sasa njo wanaamua kwenda kwenye posti ya afya, kwa tipoyi. Infirmye wa pale ni mutu wa moyo, lakini ndani ya kabati yake kuna parasetamole, amoksisilini na pengine sindano ya tetanosi. Anaandika karatasi: mupeleke hospitali kubwa. Hospitali iko kilometre arobaini. Moto inatafutwa, feza ya moto inatafutwa, mbuzi inauzwa kwa nusu ya bei. Njiani kuna bariere, na pale bariere mutu wa silaha anataka feza mbele ya kufungua kamba. Wanafika usiku. Na kule hospitali kubwa dawa yenyewe, ile moja tu inayojibu sumu ya nyoka, haiko.

Mama anakufa. Ao anapona, lakini wanakata muguu, na familia inabaki na deni. Mara ingine wanamufungia pale pale hospitali juu hawakulipa fakture. Mutu ameumwa na nyoka, sasa anakuwa mufungwa.

Halafu kunakuja kitu cha tatu, na hicho kinatukasirisha kupita vyote. Kijiji kinaanza kuuliza: "Ile nyoka, nani aliituma?" Wanatafuta bibi mumoja muzee, mujane, mwenye macho mekundu juu ya moshi wa jikoni. Wanamusema ni mulozi. Tunajua vile hayo mambo yanamalizika kwetu.

Tunasema wazi: nyoka haikutumwa na mutu. Nyoka ilikanyagwa, ikauma, sawa vile nyoka inafanya tangu dunia ianze. Dawa njo haikutumwa. Na dawa ina watu wenye kazi ya kuituma, wenye ofisi, wenye mushahara, wenye jip na dereva. Kila mara tunaposema "nyoka ya kutumwa", kuna mukubwa kule Kinshasa anayelala vizuri, sababu tumemutoa kwenye kesi na kumuweka bibi muzee pahali pake.

Sasa tuhesabu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kila mwaka watu karibu milioni 5,4 wanaumwa na nyoka duniani. Kati yao milioni 1,8 mpaka 2,7 wanaingiwa na sumu. Wanaokufa ni kati ya 81 000 na 138 000, na wanaokatwa kiungo ao kubaki na kilema cha maisha wanakuwa karibu mara tatu ya wale waliokufa. Kwa Afrika, OMS inahesabu watu 435 000 mpaka 580 000 kila mwaka wanaohitaji kutunzwa juu ya nyoka. Na Congo, inchi ya watu zaidi ya milioni mia moja, yenye pori kubwa kupita zote za Afrika, yenye wakulima kila upande? Hesabu ya kuaminika ya inchi muzima haiko. Wengi wanafia nyumbani ao njiani, hawaingie kwenye kitabu chochote. Na mutu asiyehesabiwa haingie kwenye bajeti. Njo ujanja wenyewe: hawahesabu, halafu wanasema "hakuna shida kubwa, hatuone namba".

Banatuambia pia: "Sumu ya nyoka ni kitu kigumu, dawa yake ni ya wazungu, ni ya kisasa sana." Uongo. Ile dawa ni ya zamani kupita inchi yetu. Albert Calmette, muganga wa Ufaransa, aliitengeneza mwaka wa 1895, wakati Congo ilikuwa ingali mali ya Léopold. Njia yake mupaka leo ni ile ile: wanachoma farasi sumu kidogo kidogo mpaka damu yake inajifunza kupigana nayo, wanatoa damu, wanachagua ndani yake kile kinachokamata sumu, wanaisafisha, wanaweka kwenye flakoni. Miaka 130 sasa. Hii iko kwenye lisiti ya OMS ya dawa za lazima, pamoja na zile za malaria. Si muujiza.

Hapa tusimame kidogo, sababu kuna neno linalodanganya familia nyingi. Neno "serumu". Kwetu serumu ni ile maji ya chumvi ao ya sukari wanayotundika juu ya kitanda. Dawa ya nyoka nayo inaitwa serumu, serumu ya kupinga sumu. Kwa hiyo infirmye akisema "tumemuwekea serumu", familia inapumua, inafikiri mugonjwa amepata dawa. Amepata maji. Mukifika hospitali na mutu aliyeumwa, muulize neno zima: "Munayo serumu ya kupinga sumu ya nyoka? Tuonyesheni flakoni." Kuuliza si matusi. Ni haki, na Katiba yetu kwenye kipengele cha 47 inasema haki ya afya inahakikishwa.

Kwa nini flakoni haziko? Jibu moja ni feza, lakini si feza ya hapa tu. Kulikuwa dawa moja nzuri, Fav-Afrique, iliyotengenezwa na kampuni ya Ufaransa Sanofi Pasteur. Ilipigana na sumu ya nyoka kumi za Afrika. Mwaka wa 2014 kampuni ikaacha kuitengeneza. Haikukosa farasi, haikukosa wataalamu. Ilikosa faida. Wanaoumwa na nyoka ni wakulima wasiokuwa na kitu, na serikali zao hazinunue. Flakoni za mwisho zikafika tarehe yao mwezi wa sita 2016. Pale watu wakaanza kupiga kelele, na mwaka wa 2017 OMS ikaweka sumu ya nyoka kwenye lisiti ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa. Mwaka wa 2018 inchi zote za mukutano wa afya wa dunia, na yetu ndani, zikapitisha azimio. Mwaka wa 2019 ikatoka mupango: kupunguza kwa nusu vifo na vilema mpaka 2030. Tarehe iko mulangoni. Tuonyesheni nusu yetu.

Tusisahau pia Abuja, 2001: marais wa Afrika waliahidi kuweka asilimia 15 ya bajeti kwenye afya. Congo haijafikia hata siku moja.

Jibu lingine wanalotupatia ni frigo. "Dawa inaharibika, kule vijijini hakuna umeme." Hilo jibu tulikuwa tunalisikiliza kwa heshima mpaka mwaka wa 2018. Ule mwaka, tarehe 1 ya mwezi wa munane, Ebola ilitangazwa kule Mangina. Na tukaona nini? Chanjo ya Ebola, inayotaka baridi ya digri 60 mpaka 80 chini ya sifuri, ilifika Mangina, ikafika Beni, Butembo, Katwa, Mandima. Jip zilijaa, hoteli zilijaa, mafrigo ya ajabu yalishuka kwenye ndege. Hatulaumu ile chanjo: Ebola ilikamata watu 3 470 na kuua 2 287, na chanjo iliokoa wengi. Tunasema tu kwamba tangu ile siku hakuna mutu anaweza kutuambia juu ya frigo. Kuna serumu za nyoka zinazotengenezwa kwa unga mukavu, zinazokaa pahali pa kivuli bila barafu yoyote. Mulipeleka baridi ya digri 80 chini ya sifuri Mangina, na munashindwa kupeleka unga mukavu Walikale? Ebola ilitisha Geneva na Washington, ilikuwa inaweza kupanda ndege. Nyoka ya Shabunda haipande ndege. Njo tofauti yote.

Lakini kuwe na dawa haitoshe, iwe pia dawa ya kweli. Serumu inajua tu nyoka waliomufundishia farasi. Ghana ilijifunza kwa uchungu. Mwaka wa 2004, hospitali moja ilibadilisha Fav-Afrique kwa serumu ya bei ya chini iliyotoka India, na vifo vikapanda toka asilimia 1,8 mpaka 12,1. Kwa hiyo siku ile mukubwa mumoja atakuja kupigwa picha na makartoni ya serumu, swali letu litakuwa moja: ilijaribiwa na sumu ya nyoka gani? Nyoka zetu tunazijua. Ni ile vipère du Gabon na ndugu yake mwenye pembe kwenye pua, ni kobra ya pori nyeusi, ni kobra inayotema mate kwenye macho, ni mamba ya kijani ya kwenye miti, na kule Katanga ni mamba nyeusi. Hata wataalamu tunao: Lwiro, pale Sud-Kivu, kuna kituo cha utafiti tangu wakati wa wabelgiji, na watafiti wetu wa nyoka wanafanya kazi pale na njia kidogo sana. Wapewe feza. Costa Rica, inchi ya watu karibu milioni tano, ina Instituto Clodomiro Picado, ya chuo kikuu cha serikali, inayotengeneza serumu kwa ajili yao na majirani wao, na hata kwa nyoka za Nigeria. Hawana kobalti. Hawana koltani.

Sasa tuzungumuze na nyinyi wenyewe, sababu si serikali peke yake inaua kwa kuchelewa. Jiwe nyeusi, ile wote tunaita "pierre noire", wamisionari waliieneza, na leo iko kwenye nyumba nyingi, hata za wasomi, hata za infirmye. Ni mufupa wa ngombe uliochomwa. Inakamata kwenye kidonda sababu inanyonya maji ya damu, haitoe sumu ndani ya mwili. "Lakini fulani aliwekewa na akapona!" Ndiyo. Nyoka wengi hawana sumu, na hata mwenye sumu mara ingine anauma bila kuitoa. Yule angepona hata mungemuwekea kipande ya makala. Hatutukane wazee wetu wa miti na mizizi; mara nyingi wao njo wa kwanza kuitwa, na mufumu mwenye akili anayesema "huyu mumukimbize hospitali" anaokoa watu kupita waziri. Tunachokataa ni saa zinazopotea.

Musifunge kamba: kamba inafungia sumu na muguu pamoja, na muguu unaoza. Musichanje, musinyonye na mudomo. Mutoe pete, bangili na kiatu mbele mwili uvimbe, mutulize mugonjwa, mushike kiungo kisitingishike kama vile umevunjika, mulaze kwa ubavu wa kushoto kama anatapika, na muondoke. Kama mate ya kobra imeingia kwenye macho, maji safi, mingi, tena na tena. Musipoteze wakati kutafuta nyoka ya kuua. Infirmye anaweza kujua mengi bila kuiona: anaweka damu kidogo ndani ya chupa ndogo ya kioo safi, anangoja dakika 20. Kama damu bado inamwagika sawa maji, sumu imeharibu damu. Hiyo haitake umeme, haitake laboratware. Na kwa sumu ya kobra ao mamba, inayofunga pumzi, mupira wa kupuliza hewa na mikono ya watu wanaopokezana inaweza kumushika mutu hai mpaka dawa ifike.

Ba motard, hii inawahusu nyinyi kupita wengine. Kule Nepal, pahali panaitwa Damak, wenye moto walijipanga na vijiji: mutu akiumwa, moto inakuja, mugonjwa anakaa kati ya dereva na mutu wa tatu anayemushika, wanakimbia kwenye kituo chenye serumu. Vifo kwa walioumwa vikashuka toka asilimia 10,5 mpaka 0,5. Hakuna helikopta. Ni moto, sawa yako. Nyinyi munaobeba mifuko mbili ya simenti na mbuzi juu yake, munaweza hiyo kazi kupita watu wa Nepal.

Lakini moto haiwezi kuruka bariere. Kwa wote wanaosimamia barabara zetu, wawe FARDC, Wazalendo ao M23, tunasema: mutu aliyeumwa na nyoka asilipe, asingoje, asiulizwe karatasi. Mchana na usiku. Sumu haijue saa ya kufunga barabara.

Kwa serikali yetu na Minisita wa afya, tunataka kila zoni ya afya, na ziko 519, iandike kila mutu aliyeumwa, kila wiki, na namba zitoke hadharani. Tunataka serumu iliyojaribiwa kwa nyoka za Congo iwe kwenye hospitali kubwa ya kila zoni yenye pori ao mashamba makubwa, inunuliwe na feza ya bajeti na kupitia njia za kawaida za dawa, si zawadi ya mukubwa mwenye kofia ya chama. Mugonjwa asilipe. Mumeanzisha kuzaa bila malipo, na hiyo tuliipigia makofi. Muongeze na hii, sababu flakoni moja ni makumi ya dola na mutu mara nyingi anahitaji nyingi. Na infirmye wafundishwe, sababu hata serumu nzuri inaweza kuamsha aleji kali, na mutu asiyefundishwa anaogopa kuichoma mpaka mugonjwa anakufa mbele yake na flakoni mukononi.

Kwa badepite wa majimbo: bajeti itafika kwenu tena. Tutatafuta ndani yake mustari wa serumu ya nyoka. Kama hauko, majina ya waliopiga kura yatawekwa hapa hapa.

Tarehe 19 mwezi wa tisa ni siku ya dunia ya kukumbuka walioumwa na nyoka. Hatutaki kofia wala T-shirt. Mpaka ile siku tunaomba kila mumoja wetu aende kwenye farmasi ya hospitali ya zoni yake, ao apige simu kwa ndugu yake wa kijijini, aulize maulizo tatu: serumu ya nyoka iko? Tarehe yake ya mwisho ni gani? Mugonjwa analipa ngapi? Muandike jina la zoni, tarehe muliyouliza, na jibu, hata kama jibu ni kicheko. Mututumie kwa njia munayotujulia kila siku. Tutakusanya yote na kuyapeleka kwa miguu kwenye Divisheni ya afya ya kila jimbo tulimo, na kopi kwa gavana. Majina ya infirmye musiandike. Si wao tunaotafuta.